Mwalimu wa kweli anaulizika: barua zenu kuhusu watumishi na manabii

Mwezi huu meseji zilizoingia kwenye simu yangu ya safu hii karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, nitajuaje huyu mtumishi ni wa Mungu au ni mtu tu kajivika. Nimechagua tano. Majina nimetoa, na sehemu nyingine nimepunguza maana mengine mliyoniandikia ni ya kubaki kati yangu na ninyi.

"Nilipanda mbegu ya laki tatu, hela haikuwa yangu"

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nakaa Mbagala, nauza maandazi na chapati asubuhi. Kuna mtumishi mgeni alikuja mtaani kwetu kufanya semina ya siku saba, siku ya tatu akaniita mbele akasema anaona kamba imeifunga biashara yangu toka ukoo wa baba, ili ikatike nipande mbegu ya laki tatu. Sikuwa nayo, nikachukua hela ya kikoba maana mimi ndo mweka hazina, afu ili niirudishe nikakopa kausha damu. Mafuta ya upako nayo nilinunua elfu kumi. Sasa ni miezi mitano, marejesho ni kila siku, biashara imeshuka, mume wangu hajui chochote. Nikimpigia mtumishi anasema imani yangu imepungua niongeze mbegu. Je mimi ndo nina mashaka au nimeingia mkenge?*

Marahaba mwanangu. Pole sana, nimeisoma barua yako mara tatu. Nikujibu kwanza halafu ndo nieleze, umeingia mkenge, na huko kuuliza kwako sio mashaka, ni akili aliyokupa Mungu mwenyewe.

Hebu chukua Biblia yako fungua Wafalme wa Pili sura ya 4, soma ile mistari saba ya mwanzo. Kuna mwanamke pale mjane, ana deni, na anayemdai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa, hiyo ndo kausha damu ya siku zile. Anamlilia Elisha. Elisha anamuuliza una kitu gani nyumbani, anasema sina kitu ila chupa ya mafuta. Anaambiwa akaazime vyombo kwa majirani, afunge mlango, amimine, na vyombo vyote vinajaa. Sasa angalia nabii anasema nini baada ya muujiza, anamwambia nenda ukayauze mafuta ulipe deni lako, na yatakayobaki utumie wewe na watoto wako. Basi. Hakusema lete debe moja madhabahuni, hakusema malimbuko, hata mlangoni hakuingia. Mafuta yalimtokea mjane akayauza, wewe mafuta uliuziwa. Mwanangu, mimi nimeisoma sura hiyo toka nikiwa binti nafundisha watoto shule ya Jumapili, na tofauti hiyo sikuiona mpaka mwanamke mmoja jirani yangu aliponiletea chupa yake.

Alikuja nayo imefungwa kwenye leso. Ni kachupa kadogo, kama ka rangi ya kucha, kana stika yenye picha ya mtumishi ameshika maiki. Pembeni stika ilikuwa imeanza kubanduka kwa ajili ya jasho la mkono, na chini yake ilikuwepo stika nyingine ya dukani, mafuta ya nazi, na tarehe ya kuisha. Tuliikalia kimya ile chupa juu ya meza. Alikuwa amelala nayo chini ya mto miezi minne.

Najua watakwambia mjane wa Sarepta, maana ndo andiko lao hilo, kwamba alimpa Eliya mkate wake wa mwisho ndo akabarikiwa. Ni kweli alimpa, ila soma mpaka mwisho, unga ulibaki kwenye pipa la yule mama, nyumbani kwake, wakala yeye na Eliya na watu wa nyumba yake siku nyingi. Nabii alikaa kwenye njaa ileile na aliyemwomba mkate. Huyo wako yuko wapi leo? Na watakwambia mjane wa senti mbili, Luka 21. Hapo nakuomba urudi nyuma mistari miwili tu, mwisho wa sura ya 20, Yesu anawaonya wanafunzi juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki, halafu papo hapo anainua macho anamwona mjane anatia alivyo navyo vyote. Sura zimekatwa pale kwa hiyo tunahubiriwa nusu. Na tena Yesu hakumwomba yule mama kitu, aliona tu, na moyo wa yule mama akausifia.

Kuhusu watumishi wageni wanaopita, hili tatizo ni la zamani kuliko tunavyofikiri. Kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo kabisa kinaitwa Didake, wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kilipotea muda mrefu mpaka nakala yake ikaonekana mwaka 1873 kule Constantinople. Kimeandika kwamba mtume akija kwenu mpokeeni kama Bwana, akae siku moja, ikibidi na ya pili, akikaa tatu huyo ni nabii wa uongo, akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anapolala, na akiomba hela huyo ni nabii wa uongo. Kimesema hivyo wazi kabisa. Na mtu akisema kwa roho nipeni fedha, msimsikilize, ila akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida asihukumiwe. Ona hekima hiyo. Hawakukataza sadaka, walitazama inaenda kwa nani.

Sasa tuje kwako. Hapa naongea kama mama yako. Hela ya kikoba ilikuwa ya wanawake wenzako, wapo waliokuwa wanahesabia ada ya mtoto, hilo ni kosa lako na sio la mtumishi peke yake. Usiongeze mbegu hata shilingi. Mwambie mume wako wiki hii, sio mwezi ujao, maana kausha damu wakija kubeba friji atajua tu na atajua vibaya. Muite mwenyekiti wa kikoba na mtu mzima mmoja anayeheshimika mtaani, waeleze, omba deni lilipwe kidogo kidogo. Aibu itakuwepo. Lakini aibu ya siku moja unaibeba, hii ya kuamka saa tisa usiku kukanda unga huku unalia inakumaliza.

Na kama unaogopa ile kamba ya ukoo, soma Wagalatia 3:13, Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Hakuna mahali pameandikwa bei ya pili.

"Mama yangu kaacha kuchoma insulini"

*Mwalimu nakuandikia haraka. Mama ana kisukari, anachoma insulini miaka sita. Juzi alienda mkesha akaambiwa amepona na sindano ni kutokuamini, akatupa zote. Leo siku ya tatu. Dada yangu anasema nikimlazimisha hospitali ntakuwa naua imani yake. Nipo Tabata.*

Wewe nilikupigia siku ileile na namshukuru Mungu mlienda. Naandika tena kwa sababu najua kuna nyumba nyingine leo hii yanaendelea hayohayo. Mtu wa insulini akiacha ghafla hazihesabiwi wiki, ni siku. Ukiona kiu isiyoisha, anakojoa sana, anatapika, anapumua haraka haraka au anasinzia sinzia haeleweki, usisubiri asubuhi, usisubiri mtumishi apokee simu, hospitali.

Na ile ya kuua imani, jamani. Yesu alipowaponya wakoma kumi, Luka 17, aliwaambia nendeni mkajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu makuhani ndo walikuwa na kazi ya kukagua ngozi na kusema huyu ni mzima. Yeye mwenyewe Bwana alikubali uponyaji wake ukakaguliwe! Mtumishi wa kweli akikuombea atakwambia nenda kapime, daktari akisema dawa iache ndo uache. Anayekukataza kipimo anaogopa majibu. Paulo alitembea na Luka, anamwita tabibu mpendwa, alimwacha Trofimo anaumwa kule Mileto, na Timotheo alimpa ushauri wa tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, hakumwambia huna imani.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka mwaka 2011, Loliondo, kijiji cha Samunge, kikombe cha dawa cha Babu. Alikuwa mchungaji mstaafu, alichukua shilingi 500 tu kwa kikombe, na ndo maana watu wengi walimwamini, walisema huyu hana tamaa. Simsemi vibaya, ameshatangulia mbele za haki. Lakini foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita, wapo wagonjwa walitolewa vitandani wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamemaliza. Kwa hiyo mtu kutokupenda hela peke yake hakutoshi kumpitisha. Uliza pia, mgonjwa akirudi hali mbaya ataruhusiwa kusema? Atasikilizwa?

Mdogo wangu wa kike aliacha vidonge vya presha kwa neno la mtumishi mmoja, sitataja wa wapi. Tuliposafisha chumba chake baada ya mazishi tulivikuta, karatasi za vidonge miezi mitatu mizima, kavifunga na raba bendi kavisukuma nyuma ya Biblia kabatini, hajatoboa hata kimoja. Alivificha ili tukimtembelea tusimuulize. Ndo maana nasema sana kuhusu kuuliza.

"Alitaja jina langu na namba yangu ya simu"

*Mwalimu heshima yako. Mimi ni dereva bodaboda Ubungo. Nilienda ibada fulani kwa mara ya kwanza, nabii akanitaja jina, akataja namba yangu ya simu, na akasema nina mdogo wangu yuko Tabora, vyote kweli. Hanijui kabisa. Kama sio Mungu ni nani kamwambia?*

Mwanangu, siwezi kusema ni nani kamwambia maana sikuwepo. Mungu anaweza, alimwambia Nathanaeli alikuwa chini ya mtini. Lakini nikuulize, mlangoni hukujaza fomu? Hukukaa pembeni ya dada mchangamfu aliyekuuliza umetokea wapi na shida yako nini? Aliyekualika hakujui? Wewe mwenyewe kila siku unapokea hela kwa simu, mtu akikutumia jina lako linamtokea athibitishe, kwa hiyo mwenye namba yako ana jina lako, na mwenye jina anaingia Facebook anamkuta mdogo wako wa Tabora amekuandikia hongera kwenye picha.

Tuseme hakuna mtu alimwambia. Bado haijaisha. Kumbukumbu la Torati 13 inasema nabii akitoa ishara na ile ishara ikatokea kweli, halafu akakuita uifuate miungu mingine, usimsikilize, Bwana anawajaribu. Kwa hiyo ishara kutimia sio risiti. Na Matendo 16 kule Filipi kuna kijakazi alikuwa na pepo wa uaguzi, anawafuata akina Paulo anapiga kelele kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu. Alichosema kilikuwa kweli neno kwa neno! Paulo alivumilia siku nyingi halafu akamkemea yule pepo akatoka. Na waliokasirika ni mabwana zake, kwa sababu tumaini lao la faida limekwenda. Mimi nikisikia mtu anatajiwa namba ya simu naikumbuka habari hiyo, najiuliza mabwana ni akina nani hapa.

Zaidi ya yote, namba yako ulikuwa unaijua. Sasa amekuambia nini ambacho hukijui na unakihitaji? Amekufundisha kusamehe? Amekuuliza unaishije na mwenzio nyumbani? Mathayo 7 Yesu anasema siku ile wengi watamwambia hatukufanya unabii kwa jina lako, na pepo kutoa, na miujiza mingi, naye atawaambia sikuwajua ninyi kamwe. Hakubisha kwamba miujiza ilitokea. Ndo maana alisema mtawatambua kwa matunda yao, na tunda linachukua msimu kuiva, haliwezi kuonekana kwenye ibada moja ya saa tatu. Kaa, tazama mwaka mzima. Tazama wahudumu wake wanaongeaje na mtu aliyekuja na ndala. Tazama ndoa yake, wadeni wake, na watu waliotoka kwake anawasemaje.

Na tafadhali mkiambiwa mkimbilie kitu, msikimbie. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi ndugu zetu 20 walifariki kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Walienda na shida zao kama mimi na wewe. Mungu hana foleni ya kuumiza watu.

"Nikaambiwa nisimguse mpakwa mafuta"

*Mwalimu, mimi ni mzee wa kanisa, Kimara huku. Kwenye kikao niliuliza taarifa ya hela za ujenzi, hatujasomewa miaka miwili. Mchungaji akasema nina roho ya Kora, yule aliyemwasi Musa, na andiko linasema msiwaguse masihi wangu. Tangu hapo watu hawanisalimii. Je nilikosea?*

Hapana kaka yangu, hukukosea, na pole kwa upweke huo maana naujua.

Hilo andiko ni Zaburi 105, na linawasema Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wanatangatanga taifa hadi taifa, Mungu akawaonya wafalme wasiwadhuru. Ni ulinzi wa watu wasio na nguvu dhidi ya wenye nguvu, leo limegeuzwa kinyume chake. Daudi hakumuua mfalme Sauli kwa sababu ni masihi wa Bwana, ni kweli, lakini alisimama nje ya pango akamwambia kosa lake mbele ya jeshi zima. Nathani alimwambia Daudi wewe ndiwe mtu huyo. Paulo alishindana na Petro uso kwa uso Antiokia, na Petro hakumwita Kora. Na wale wa Beroya, Matendo 17, walikuwa wanayachunguza maandiko kila siku waone kama anayosema Paulo ndivyo yalivyo, na Biblia inawaita waungwana.

Kuhusu hela kabisa, soma 2 Wakorintho 8 kuanzia mstari wa 16. Paulo anapeleka mchango, na hakuubeba peke yake, anaenda Tito na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, na anaeleza kwa nini, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya ukarimu huo. Mtume Paulo! Aliyetokewa na Bwana njiani! Alitaka mashahidi kwenye hela. Mchungaji wako ni nani hata hela zake zikubaliwe kwa imani tu bila kusoma hesabu?

Sisemi ni mwizi, hapo sijui na wewe hujui. Inawezekana vitabu vimevurugika tu anaona aibu. Nenda kwake na mzee mwingine mmoja, kwa upole, jioni, mwambie tunataka kukusaidia kupanga taarifa. Akikubali umempata ndugu. Akikataa, kanisa lenu kama limesajiliwa lina katiba, iombeni muisome inasema nini kuhusu mapato na mkutano wa washirika, na fuateni hiyo bila matusi kwenye grupu la WhatsApp.

Na msomaji mwingine aliniuliza kama haya ni ya makanisa haya mapya tu. Hapana. Hata lililojengwa na wamisionari lenye kengele na mnara linaweza kuwa na mtu kwenye mimbari anayefundisha uongo na anayekula vya wajane, na hata kwenye turubai la Goba nimekutana na mchungaji anayelima mchicha ili asiwe mzigo kwa washirika wake. Mimi naangalia kama anaulizika.

"Nimetoka, ila siwezi tena kusali"

*Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa kwenye huduma moja miaka saba, nilitoa karibu kila nilichopata. Nimetoka mwaka jana. Sasa nikisikia neno sadaka tumbo linakaza, hata nyimbo nilizokuwa nazipenda siwezi. Naogopa nimempoteza Mungu.*

Marahaba mwanangu mpendwa. Uliyempoteza ni yule mtu. Mungu alikuwepo na alikuwa anaona ukitoa, na moyo uliotolea ule hakuutupa, hata kama mikono iliyopokea ilikuwa michafu.

Usijilazimishe kuomba kwa sauti. Soma Zaburi moja kwa siku, zile za kulia, ya 13, ya 42, ya 88 kabisa ambayo inaisha gizani bila amina. Ukishindwa hata hizo, kaa tu. Usitafute kanisa kubwa sasa hivi, tafuta ambapo mchungaji akimaliza anasimama mlangoni na unaweza kumwambia sikuelewa pale uliposema hivi, uone uso wake unabadilikaje. Kama yupo rafiki mnayeaminiana nenda naye.

Jumapili hii jaribu, kaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Beba nauli ya kwenda na kurudi tu. Kikapu kikifika kwako, mpe wa pembeni apitishe.